Meza ya mahogani ya mwaka 1767 na swali la mzee wangu: "Fundi alilipwa?"

#1 MwanaWaSeremala (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naishi Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, huu mwaka wa sita. Mzee wangu ni seremala Tanga, ameshika randa tangu sijazaliwa na bado anaishika. Wiki mbili zilizopita nilipata siku ya mapumziko nikaenda Nostell, jumba la zamani la mashambani karibu na mji wa Wakefield. Ndani ya maktaba nikaikuta meza moja ya mahogani, nikaipiga picha nyingi, nikamrushia mzee WhatsApp. Nilitegemea aulize inauzwa bei gani siku hizi. Akanirudishia ujumbe wa sauti mfupi mno: "Kazi nimeiona. Fundi alilipwa?"

Swali hilo limenikaa. Nimelisomea, nimewauliza wahudumu wa jumba mpaka wakanizoea, na sasa naliandika hapa kwa sababu najua humu mafundi wamo.

Kwanza meza yenyewe. Ni meza kubwa ya maktaba, imetengenezwa ili ionekane vizuri pande zote, siyo ya kusukumwa ukutani. Chini ni makabati yenye milango huku na huku. Ukifungua upande mmoja unakuta droo, ukizunguka upande wa pili unakuta vyumba vya kuwekea makabrasha na vitabu vikubwa. Palipo na kona pamesimama nguzo zilizochongwa, juu kichwa cha simba, chini makucha ya simba. Nilichuchumaa mbele ya guu moja la simba nikakaa pale kwa muda. Kila kidole kimetenganishwa na mwenzake kwa patasi nyembamba, kucha imechongoka bila kumeguka. Kwenye mabonde katikati ya vidole nta imeganda miaka na miaka ikawa nyeusi, na migongo ya vidole imesuguliwa na vitambaa mpaka inang'aa kama tende. Aliyechonga pale hakuwa na haraka. Na mbao ilikuwa inamtii.

Bili yake bado ipo. Imeandikwa tarehe 30 Juni 1767: meza kubwa ya maktaba, ya mahogani nzuri sana, milango, droo, vichwa vya simba na makucha, kila kitu kimetajwa. Bei £72 na shilingi 10. Ili mpate picha, fundi stadi wa samani London enzi hizo akipata gini moja kwa wiki, yaani pauni moja na shilingi moja, alihesabiwa amelipwa vizuri. Meza hiyo moja inapita mshahara wake wa mwaka mzima.

Aliyeileta ni Thomas Chippendale. Aliyeiagiza ni Sir Rowland Winn, mwenye jumba. Habari za malipo nitazileta kwenye posti inayofuata, ni ndefu kidogo.

#2 RandaNaMsasa

Naweka kambi hapa. Mkuu, mzee wako ni fundi wa kweli. Mtu ambaye hajawahi kuzungushwa "njoo kesho" hawezi kuuliza swali hilo.

#3 Tausi wa Mombasa

Kaka, asante kwa uzi. Mimi nauliza: huyu Chippendale alikuwa nani hasa? Jina nalisikia kwenye mnada wa vitu vya zamani, mtu anakuambia kiti hiki ni Chippendale, kile pia Chippendale. Alitengeneza vyote hivyo?

#4 MwanaWaSeremala

Dada Tausi, alikuwa mtoto wa seremala kama mimi, ila yeye aliufuata ufundi. Alizaliwa Otley, mji mdogo wa Yorkshire hii hii, mwaka 1718. Akaenda London, na mwaka 1754 akafanya mambo mawili kwa mpigo: akafungua karakana na duka mtaa wa St Martin's Lane, na akachapisha kitabu cha michoro ya samani chenye kurasa za picha 160. Viti, vitanda, makabati, fremu za vioo, vyote vimechorwa na vipimo. Lilikuwa tangazo la biashara, lakini pia aliwafungulia mafundi wengine mlango. Seremala yeyote mwenye kitabu hicho, awe Dublin au Philadelphia, aliweza kukaa na mchoro akaufuata.

Ndiyo maana jina limesambaa. Vitu vingi vinavyoitwa Chippendale ni vya mtindo wake, havikutoka mikononi mwake wala karakana yake. Yeye hakuwa na desturi ya kupiga muhuri au kuandika jina kwenye kazi. Kinachothibitisha ni karatasi: bili, barua, daftari la malipo. Nostell ina thamani kubwa kwa wanaofuatilia mambo haya kwa sababu samani zipo na karatasi zake zipo. Karatasi hizo zimehifadhiwa Wakefield, kwenye ofisi ya nyaraka ya mkoa.

Jambo moja lililonigusa. Mwezi Aprili 1755, mwaka mmoja tu baada ya kufungua, karakana iliungua moto. Masanduku ya zana ya mafundi 22 yakateketea. Wanaojua useremala wanaelewa maana yake. Enzi hizo fundi alikuwa anamiliki zana zake mwenyewe, randa zake, patasi zake, zimezoea kiganja chake. Ukiunguza sanduku la fundi umemrudisha kwenye uanafunzi.

#5 Kigosera

Mkuu, shusha basi hayo ya malipo. Umetuacha njiani.

#6 MwanaWaSeremala

Haya.

Sir Rowland Winn aliurithi utajiri na jumba mwaka 1765. Baba yake alikuwa ameanza kulijenga miaka ya 1730. Kijana akataka kulimaliza kwa fahari, akamchukua Robert Adam kama msanifu, na kuanzia 1766 Chippendale akaanza kuleta samani. Na alileta kila kitu. Meza hii, viti vya maktaba vyenye mgongo wa umbo la kinubi, vitanda, karatasi za ukutani, mpaka gogo la kukatia nyama jikoni. Ndiyo, bwana mkubwa wa samani za Uingereza alipeleka gogo la jikoni, na limeandikwa kwenye bili.

Sasa soma barua zao. Sir Rowland analalamika kuchelewa kwa mzigo, kwa maneno makali: kwamba tabia hiyo haivumiliki, na kwamba atawaambia marafiki aliowapeleka kwake watafute fundi mwingine. Chippendale anajibu kwa unyenyekevu wa kuumiza. Anaomba radhi, anaeleza kazi imefika wapi, kisha anaomba pesa. Anaomba tena. Wanaomdai wamembana, hana cha kuwapa mafundi wake, anaomba hata sehemu tu ya deni.

Hali ilizidi kuwa mbaya tangu Januari 1766, alipofariki mshirika wake James Rannie, ambaye ndiye aliyekuwa na mtaji. Ukiondoka mtaji, biashara inabaki kuishi kwa pesa za wateja, na wateja wenyewe ndio hao.

Tusidhani Winn alikuwa peke yake. Kule Kent kulikuwa na Sir Edward Knatchbull wa Mersham-le-Hatch. Chippendale alipomkumbusha bili, alijibu kwamba yeye hupokea kodi za mashamba yake mara moja kwa mwaka, hivyo na mafundi huwalipa mara moja kwa mwaka, na kwamba kwa jinsi dunia ilivyo hayo si malipo mabaya. Nilimsomea mzee sentensi hiyo kwenye simu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Huyo namjua."

Fikiria fundi anavyobanwa. Mbao ya mahogani ameinunua kwa mkopo au kwa pesa taslimu. Wachongaji wanataka mshahara Jumamosi. Shaba za vishikio, vitasa, gundi, nywele za farasi za kujazia viti, vyote vinalipiwa kabla meza haijapakiwa. Tajiri anakaa na meza, anapiga picha nayo (ipo picha ya rangi ya Sir Rowland na mke wake Sabine, mbele ya meza hii hii, iliyochorwa na Hugh Douglas Hamilton), na bili inasubiri mavuno ya wakulima wake. Kwa kweli karakana ndiyo ilikuwa inamkopesha tajiri.

Chippendale alifariki Novemba 1779, kwa kifua kikuu. Hakufa tajiri. Mwanawe, naye Thomas, akaendeleza karakana kwa kazi nzuri sana, lakini mwaka 1804 akafilisika. Sir Rowland alishatangulia, 1785, kwenye ajali ya gari la farasi akielekea London, na jumba halijaisha.

Kwa hiyo jibu kwa mzee: alilipwa kwa kusuasua, kwa kuomba, na kwa kuchelewa mpaka ikamuumiza.

#7 RandaNaMsasa

Daah. Mkuu, nimeisoma hii nikiwa karakana, meza ya kulia ya watu sita imesimama mbele yangu tangu mwezi wa pili. Mwenyewe ananiambia nivute subira. Mbao ni mninga, nimenunua kwa pesa yangu. Nikimpa mtu mwingine, nimevunja ahadi. Nikisubiri, watoto wanasubiri na mimi.

Siku hizi bila advansi ya nusu sishiki msumeno. Hii ilikuwa ya mtu ninayemheshimu, nikaona haya.

#8 MwanaWaSeremala

Pole sana kaka. Haya hiyo hiyo ndiyo inayosomeka kwenye barua za Chippendale. Kumdai mtu mkubwa kunahitaji ulimi mwingine kabisa.

#9 MbaoZaMwanza

Mimi nauza mbao. Naomba tuzungumzie mti wenyewe. Hapa kwetu mteja akija anasema anataka mahogani. Ukimwonyesha mkangazi anasema ndiyo yenyewe. Pwani watu wanaita hivyo mpaka mbambakofi. Mahogani ya meza hiyo ni ipi?

#10 MwanaWaSeremala

Swali zuri, na hapa ndipo watu wengi huuziwa jina.

Mahogani ya samani za karne ya 18 ni mti wa Karibi na Amerika ya Kati. Ipo ya visiwani, Jamaika, Kuba na Hispaniola, nzito, ngumu, nyuzi zimebanana. Na ipo ya bara, iliyotoka zaidi pwani ya Honduras, yaani Belize ya leo, nyepesi kidogo na yenye mbao pana zaidi. Mkangazi wetu ni ndugu wa ukoo huo huo, lakini ni mti mwingine, na Ulaya wanauita mahogani ya Afrika. Mbambakofi, au mkongo kama tunavyouita bara, hauna undugu kabisa, uko upande wa miti ya jamii ya kunde. Ni mbao nzuri sana kwa jina lake lenyewe, haihitaji kuazima.

Kabla ya hapo Waingereza walikuwa wanapenda mwalnati. Baridi kali ya mwaka 1709 iliua miti mingi ya mwalnati Ulaya, na mwaka 1720 Ufaransa ikazuia kuuza mbao zake nje. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza likaondoa ushuru wa mbao zinazotoka makoloni ya Amerika. Nia ilikuwa mbao za meli, lakini mahogani nayo ikapita mlango huo huo. Mafundi walipoipata hawakurudi nyuma. Ubao mmoja unatoa uso wa meza nzima bila kuunganisha. Haupindi ovyo, wadudu hawaupendi, na una nguvu kiasi kwamba unaweza kutoboa mgongo wa kiti ukawa kama ua la uzi na bado mtu akaegemea.

#11 Nyota ya Lushoto

Mwenye uzi, samahani, mimi sitaki kuharibu. Ila mbao zimetoka Karibi karne ya 18. Nani alikata? Mzee wako ameuliza kama fundi alilipwa. Na mkata mti je?

#12 MwanaWaSeremala

Dada, hujaharibu kitu. Nilikuwa naogopa kufika hapo peke yangu.

Hawakulipwa. Walikuwa watumwa, Waafrika na wazao wao.

Kazi ya Belize imeelezwa vizuri na walioishuhudia, kwa hiyo naweza kuwasimulia. Miti ya mahogani haioti pamoja kama shamba, mti mmoja huku, mwingine mbali kule ndani ya msitu. Kwa hiyo kila kikosi kilikuwa na mtafutaji. Mwezi wa nane alikuwa anapanda mti mrefu kuliko yote, anaangaza macho juu ya msitu, kwa sababu wakati huo majani ya mahogani yanageuka rangi ya manjano iliyoiva kuelekea wekundu, na jicho lenye uzoefu linayaona kutoka mbali. Akishaona, anashuka, anaongoza njia mpaka kwenye shina bila kupotea. Huo ni ujuzi mkubwa ndugu zangu. Bila jicho la mtu huyo hakuna meza ya Nostell.

Shina la mahogani chini lina mabawa mapana, kwa hiyo wakataji walijenga jukwaa la miti, futi kumi au kumi na mbili juu ya ardhi, wakasimama pale na mashoka. Mti ukianguka wanaukata matawi, wanauchonga uwe wa pembe nne. Kisha inakuja kazi ya kuvuta. Wakati wa kiangazi, Aprili na Mei, magogo yalikokotwa na ng'ombe mpaka mtoni, na yalikokotwa usiku, kwa mienge, kwa sababu mchana joto lingewaua ng'ombe. Mimi nilisimama kwenye maneno hayo. Joto la mchana liliogopwa kwa ajili ya ng'ombe. Watu walitembea usiku wote msituni, mienge mkononi, minyororo ya magogo ikilia.

Juni mvua zikianza mito inafurika, magogo yenye alama ya mwenye mali yanasukumwa majini, yanateremka mpaka karibu na bahari, na kule yanazuiwa na kupakiwa melini.

Leo bendera ya Belize ina wanaume wawili, mmoja ameshika shoka na mwingine kasia, na katikati yao mti wa mahogani. Wao hawakusahau.

#13 Nyota ya Lushoto

Asante kaka. Sasa ile nta nyeusi kwenye makucha ya simba naiona kwa macho mengine.

#14 Kigosera

Nina neno, na nalisema kwa heshima. Kwa nini tuwe tunasifu samani hizi? Tajiri hakulipa fundi, mkata mti hakulipwa kabisa, pesa ya tajiri yenyewe huenda ilitoka kwenye miwa. Mimi naona majumba haya yangefungwa tu.

#15 MwanaWaSeremala

Mkuu, hoja yako ina uzito na sitaipuuza. Twende mfano wa wazi kabisa, Harewood, safari ya gari fupi tu kutoka Nostell. Jumba hilo lilijengwa kuanzia 1759 na Edwin Lascelles, mtu aliyezaliwa Barbados, na familia yake ilitajirika kwa sukari, mikopo kwa wenye mashamba na watumwa. Chippendale alifanya kazi kubwa kuliko zote za maisha yake kwenye jumba hilo. Utumwa ulipofutwa, serikali ya Uingereza iliwalipa fidia wenye watumwa, na Lascelles wa wakati huo alipata zaidi ya £26,000 kwa watu zaidi ya 1,200. Watu wenyewe hawakupata kitu. Kwa hiyo pale mbao, pesa ya kununulia na chumba cha kuwekea vyote vina asili moja, na jumba lenyewe siku hizi linalisema hilo wazi kwa wageni wake.

Lakini tukifunga, nani atamwona yule mtafutaji aliyepanda mti? Nani atahesabu zile sanduku 22 za zana? Mimi nimeiona meza kwa macho nikalia kidogo kwa uzuri wake, na sikuona aibu. Uzuri ule haukutoka kwa Sir Rowland. Yeye alitoa oda. Uliwekwa pale na watu ambao bili haiwataji majina. Nikikataa kuutazama nimewakataa wao mara ya pili.

Ninachotaka ni kibao cha maelezo kirefushwe. Jina la mteja, jina la mwenye karakana, mwaka. Waongeze mti ulikatwa wapi na watu wa namna gani, na wachongaji walisubiri mshahara kiasi gani. Nimewaandikia. Nasubiri jibu.

#16 Tausi wa Mombasa

Kigosera, hata sisi vile viti vya enzi vya pwani, vya mpingo na pembe za ndovu, tunavipenda na tunajua pembe zilibebwa na nani kutoka bara. Nyumbani kwa bibi kipo kimoja. Hatukukichoma. Tunakaa nacho, tunawaambia watoto.

Kaka mwenye uzi, swali dogo. Mtu akiniuzia kitu akasema ni mahogani ya karne ya 18, nitazame wapi?

#17 MwanaWaSeremala

Dada, usianze na mbele, mbele ndiko wanakodanganyia. Vuta droo...

#18 Tausi wa Mombasa

Mtoto wa meza sisi twasema 😊

#19 MwanaWaSeremala

Basi vuta mtoto wa meza, mgeuze. Tazama pale ubao wa mbele unapokutana na wa ubavuni. Viungo vya meno vilivyokatwa kwa msumeno wa mkono havilingani sawasawa, na mara nyingi utaona mstari mwembamba uliokwaruzwa na fundi kujiwekea alama. Ubavuni kwa kawaida siyo mahogani, ni mwaloni au msonobari, kwa sababu mahogani ilikuwa ghali kufichwa. Chini pawe pakavu, pa rangi ya vumbi, bila vanishi. Ukikuta pamepakwa rangi, jiulize kwa nini mtu apake mahali pasipoonekana.

Tazama alama za msumeno upande wa nyuma. Zikiwa mistari iliyonyooka, ni mkono. Zikiwa za duara, mbao imepita kwenye msumeno wa mashine wa karne ya 19. Skrubu za zamani zina ncha butu na ule mfereji wa bisibisi mara nyingi haukai katikati. Na meza ya duara pima kwa futi kwa njia mbili. Mbao husinyaa kwa upana, haisinyai kwa urefu, kwa hiyo duara la miaka 250 si duara tena.

Kuhusu mng'ao, ule wa kioo mnaouona dukani ulikuja karne ya 19. Mafundi wa awali walitumia mafuta ya kitani na nta, na vumbi laini la matofali kusugulia. Mng'ao wake umetulia, uko ndani ya mbao.

#20 MbaoZaMwanza

Hilo la kusinyaa kwa upana wengi hawalijui, wanapigilia uso wa meza misumari pande zote halafu unapasuka wanalaumu mbao. Na mahogani hii bado inauzwa?

#21 MwanaWaSeremala

Inauzwa kwa vibali. Jamaika miti mikubwa ilipungua mapema, karne ile ile ya 18, ndiyo wakahamia Honduras. Leo aina zake zote tatu ziko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na ile ya bara iliingizwa kundi la pili kuanzia 2003, kwa hiyo kuisafirisha kihalali lazima iwe na karatasi. Nyingi inayouzwa sasa imepandwa Asia na Pasifiki. Mbao pana kama ile ya Nostell sitegemei kuiona mpya.

#22 RandaNaMsasa

Mkuu, mzee umemjibu? Alisemaje?

#23 MwanaWaSeremala

Nilimpigia Jumapili. Nikamsomea bili ya meza kwa Kiswahili, neno kwa neno kama nilivyoweza. Nilipofika kwenye zile nguzo za simba nikasema "miguu". Akanikata: "Siyo miguu. Mguu unabeba. Hizo zimesimama mbele ya kabati, kabati ndilo linabeba. Sema nguzo." Nikarekebisha. Ndiyo maana kule juu mmesoma nguzo.

Kisha nikamweleza habari za barua, za Knatchbull na kodi zake, halafu za msituni. Kwenye ng'ombe na mienge aliniambia nirudie. Nikarudia.

Mzee ana daftari la karakana, jalada gumu, la tangu miaka ya 90. Kila kazi ina mstari: tarehe, mteja, kitu, mbao, bei, na safu ya mwisho ameandika "imelipwa". Humo kuna kabati la mkangazi la mtu mmoja mkubwa wa pale mjini, la 1998, safu ya mwisho haina kitu mpaka leo. Jina la mtu huyo halitamki.

Jana dada yangu amenitumia picha ya ukurasa mpya. Mzee ameandika kwa kalamu ya bluu, herufi zake za kulala: 30 Juni 1767. Winn. Meza ya maktaba, milango huku na huku, droo upande mmoja, nguzo za simba. Mahogani. Pauni 72 na shilingi 10. Chini ya neno mahogani ameongeza mstari mwingine ambao kwenye daftari lake haujawahi kuwepo: "Wakata mti, Belize au visiwani, majina hayapo." Kwenye safu ya mwisho, mistari yote miwili, hakuandika kitu.